Nimeshusha gari milimita 40, alaimenti nimefanya, tairi bado linaliwa kwa ndani

Springi_Fupi

Wakuu salaam. Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Miezi minne nyuma nilinunua springi fupi nikazifunga mwenyewe, mimi na rafiki yangu, jeki moja na stendi mbili. Gari ikashuka milimita 40 mbele na 35 nyuma. Nilipima kabla na baada, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kwa hiyo namba hizo si za kubahatisha. Kesho yake asubuhi nikawahi alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi. Mashine ya kisasa, kamera nne, skrini kubwa. Nikapewa karatasi: tou (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) sifuri pande zote mbili, rangi ya kijani. Kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) ya mbele nyekundu, kushoto -1°20', kulia -1°50', nikaambiwa hiyo haina pa kurekebishia na ukishusha gari ni kawaida. Nikatoka pale nikiwa na amani.

Juzi nimepata pancha. Jamaa wa kuziba kalitoa tairi, kalilaza, kapitisha kidole ukingo wa ndani kisha kaniita, "Bosi, njoo uone." Waya nje. Ukingo wa nje meno yapo, mtu akiliona limesimama anaweza kulinunua. Tukafungua na la pili, hivyo hivyo. Kweli tairi hazikuwa mpya, zilikuwa nusu ya maisha, lakini kilomita 5,000 tu jamani?

Mbele nina shokapu za kawaida za kusimama na amu (mkono wa chuma unaoshikilia tairi) moja ya chini kila upande. Nyuma ni bimu, chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili. Je, ni kemba imenimaliza? Ninunue boliti za kemba, au nirudishe springi za kiwanda yaishe?

Mtoto_wa_Spana

Kemba hiyo mkuu, hakuna mjadala. Ukishusha gari tairi zinalala ndani, zikilala ndani zinaliwa ndani. Ndio gharama ya kupendeza.

FundiWaChini

Pole kwa tairi. Usinunue chochote kwanza.

Kemba ya digrii moja na nusu, hata mbili, haitoi waya kwa kilomita 5,000. Ingekuwa inakula, ungeona ukingo wa ndani umetangulia taratibu, si kuchinjwa. Nijibu mambo matatu:

Boliti za ndani za amu za chini, zile zinazopita kwenye bushi (mpira wa kiungo), mlizifanyaje? Uliendesha umbali gani kati ya kufunga springi na kupima alaimenti? Na fundi wa mashine, baada ya kushusha gari toka kwenye jeki, aliisukuma mbele na nyuma kidogo au alisoma namba papo hapo?

Halafu nenda kwenye tairi moja lililobaki, weka kiganja juu ya meno, telezesha toka ndani kwenda nje, kisha rudisha. Niambie kama kwenda na kurudi unahisi sawa.

Springi_Fupi

Fundi asante kwa kujibu.

Boliti za amu hatukuzigusa kabisa, tulifungua shokapu tu, kwa hiyo huko hatukuharibu kitu. Umbali ni toka nyumbani hadi kwenye mashine, kilomita 6. Aliinua mbele akaweka sahani za kuzunguka chini ya tairi, akashusha, akafunga vishikio vya kamera, akaanza. Sikuona akiisukuma.

Kiganja: kwenda nje kinateleza. Kurudi ndani kinakwama, kama kupapasa msumeno. Hii maana yake nini?

FundiWaChini

Maana yake tairi lilikuwa linaburuzwa kiubavu. Hiyo ni tou, ndugu yangu. Kemba peke yake inalainisha upande mmoja, haichongi meno ya msumeno.

Sasa hapo uliposema "hatukuzigusa, kwa hiyo hatukuharibu", hapo ndipo lilipo tatizo. Bushi ya mpira ya kiwandani si kama beringi. Haizunguki. Ule mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani, na bomba hilo boliti ikikazwa linabanwa lisisogee. Amu ikipanda au kushuka, mpira wenyewe ndio unajinyonga kama nguo inayokamuliwa, halafu unarudi. Kiwandani walikaza boliti gari ikiwa kwenye urefu wake, kwa hiyo mpira unapumzika kwenye urefu ule. Wewe umeshusha milimita 40 bila kulegeza. Tangu siku ile bushi zako zimekaa zimejinyonga, usiku na mchana, hata gari ikiwa imepakiwa.

Na zinasukuma. Springi inataka gari ishuke, bushi inaipandisha. Siku ya kwanza gari ilisimama juu kuliko ilipotaka kukaa. Fundi wa mashine akapima urefu wa uongo. Wiki zikapita, springi mpya ikajikalia, mpira ukachoka au ukachanika, gari ikazama tena. Karatasi yako inaeleza gari ambayo haipo.

Kapime tena toka katikati ya rimu hadi madigadi. Nitashangaa ikiwa bado ni 40.

Mtoto_wa_Spana

Fundi nakuheshimu ila milimita chache zitabadilisha tou kiasi gani? Tou inarekebishwa kwenye tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, na tairodi hajaigusa mtu.

Kamba_na_Rula

Mtoto_wa_Spana, tairodi haijaguswa lakini imeinama. Chukua mikono yako miwili, ya kulia iwe amu ya chini, ya kushoto iwe tairodi. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mabega yako hayako sehemu moja. Pandisha viganja vyote pamoja. Kila kiganja kinachora upinde wake, na pinde hizo hazilingani. Kiwandani walizilinganisha karibu na urefu wa kiwanda. Ukitoka hapo, tairodi inavuta au kusukuma tairi bila mtu kugusa nati. Itafungua tairi kwa mbele au itafunga? Inategemea tairodi imekaa mbele au nyuma ya ekseli, na juu au chini ya amu. Kuna gari zinafungua, kuna zinazofunga. Na kadiri unavyoshuka ndivyo kila milimita inayofuata inavyobadilisha zaidi, kwa sababu amu imeshaacha kulala sawa na ardhi, imeanza kupanda.

Ndio maana hata kemba huwa inashangaza watu. Kwenye mfumo wa shokapu ya kusimama, mwanzo ukishusha, tairi linalala ndani. Amu ikishapita usawa wa ardhi na kuelekea juu hadi pembe yake na shokapu ivuke digrii 90, linaanza kurudi nje. Mtu anashusha sana akitarajia tairi zilale, anakuta hazikulala.

Springi_Fupi

Nimepima. Mbele imeshuka milimita 49 toka urefu wa kiwanda. Yaani imezama 9 nyingine kimya kimya. Nyuma ni 37.

Nimepitia kwenye mashine nyingine, wapime tu bila kugusa. Mara hii nikawaomba waisukume. Kemba kushoto -1°35', kulia -2°05'. Tou ya jumla mbele: -0°30', tairi zimefunguka kwa mbele. Ile sifuri yangu ya kijani haipo.

Hesabu_ya_Njia

Ngoja niwawekee namba maana naona watu wanasema "nusu digrii tu".

Dakika 30 kwa jumla ni dakika 15 kila tairi, yaani robo ya digrii. Tangenti ya 0.25° ni 0.00436. Kila kilomita moja gari inayokwenda moja kwa moja, kila tairi la mbele linataka kwenda pembeni mita 4.4 na linazuiwa. Linaburuzwa. Kwa kilomita 5,000, kama tou ilikuwa hivyo muda wote, ni kilomita 22 za kuburuzwa kiubavu kwenye lami. Haikuwa hivyo toka siku ya kwanza, sawa, toa hata theluthi. Bado ni tairi lililosuguliwa kilomita 14 au 15.

Na kwa nini ukingo wa ndani? Kwa sababu kemba imelaza tairi, mzigo mwingi uko ndani. Tou inaburuza, kemba inachagua ni upande gani uburuzwe. Kila moja peke yake ungevumilia.

Mtoto_wa_Spana

Kilomita 22 😳 nimekaa kimya.

Dada_Usukani

Ninayo kemba ya -2 mbele na -2°20' nyuma, mwaka wa pili sasa, tairi zinaisha sawasawa tu kwa sababu tou yangu iko karibu na sifuri. Kwa hiyo wale wanaokimbilia boliti za kemba kabla ya kuuliza tou, tulieni.

Ila yangu nyuma ina amu nyingi, si bimu, na huko nilikutana na jambo ambalo nataka aliyeshusha gari yenye mfumo huo alijue mapema. Boliti za kurekebishia nyuma zina kichwa cha yai, ukizungusha amu inasogea. Zangu zilikuwa hazijaguswa tangu kiwandani. Fundi kafungua nati, nati ikatoka vizuri, akaenda kuzungusha boliti, haizunguki. Imeshikana kwa kutu na lile bomba la ndani ya bushi. Ukilazimisha, inazunguka pamoja na mpira, unaona kabisa mpira unajikunja, ukiachia inarudi ilipokuwa. Alipiga mafuta ya kutu, akapasha moto, mwisho akakata kwa msumeno pande mbili na tukanunua amu mpya. Siku nzima. Kama gari yako ni ya aina hiyo, anza kupulizia mafuta siku tatu nne kabla, asubuhi na jioni, na jaribu mwenyewe kama zinazunguka kabla hujalipia mashine. Zisipozunguka, hakuna alaimenti hapo, kuna picha za rangi tu.

Springi_Fupi

Asante dada. Yangu nyuma ni bimu kwa hiyo sina cha kuzungusha, ila nashukuru.

Fundi, nifanyeje sasa kwa utaratibu? Tairi mpya nimeagiza, sitaki ziingie kwenye kaburi hilo hilo.

FundiWaChini

Usifunge tairi mpya bado. Endesha na hizo mbovu umbali mfupi tu kwenda na kurudi gereji, waya ukionekana hilo si tairi la barabara kuu. Au azima mbili.

Panda gari juu ya njia za kupandia au juu ya shimo, tairi zote nne zimebeba uzito. Hilo ndilo jambo lenyewe, uzito. Ukiinua kwa jeki tairi zikaning'inia, umerudi kosa lile lile, tena baya zaidi, maana utakaza mpira ukiwa umenyongwa kwa chini. Chungulia kwanza kila bushi kwa tochi. Mpira ukiwa umepasuka au umeachana na chuma, badilisha, usilegeze kitu kilichokufa. Angalia na boljointi (kiungo cha mpira wa chuma mwisho wa amu) na ncha za tairodi, shika tairi utikise: saa tatu na saa tisa kwa ncha, saa kumi na mbili na saa sita kwa boljointi. Alaimenti juu ya ncha iliyolegea ni kupiga pasi nguo iliyolowa mvua.

Kisha legeza boliti za ndani za amu, moja moja, zunguko mbili tatu, usizitoe. Bonyeza boneti ya mbele mara kadhaa gari ichezecheze. Ikae. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, si cha jirani. Nyuma nako, boliti za bimu zinazopita kwenye bushi, hivyo hivyo.

Endesha wiki moja, kilomita mia mbili tatu, barabara zenye matuta na zisizo na matuta. Ndipo uende kwenye mashine.

Kamba_na_Rula

Na hiyo wiki ya kusubiri isile tairi. Weka tou ya muda kwa kamba. Stendi nne, kamba mbili ngumu zipite pembeni mwa gari kwenye urefu wa katikati ya rimu. Umbali wa kamba hadi katikati ya hab (kitovu cha tairi) uwe sawa kushoto na kulia kwa kila ekseli. Mbele na nyuma si lazima zilingane, gari nyingi upana wa ekseli unatofautiana na watu wengi wanaharibikiwa hapo. Usukani umenyooka, umefungwa. Pima kwa rula toka kamba hadi mdomo wa rimu, upande wa mbele na upande wa nyuma. Kwa rimu ya inchi 16, tofauti ya milimita 1 ni kama dakika 8. Huhitaji usahihi wa mashine, unataka tu usiburuze.

Kabla ya kupima sukuma gari mbele mita mbili na urudi. Tairi likishushwa toka kwenye jeki linashika ardhi likiwa limebana miguu, linabaki hivyo mpaka lizunguke.

Kijana_Mpya

Wakuu samahani kuingilia, kuna mtu ananiambia nikate springi zangu mzunguko mmoja na nusu ni bei rahisi. Alaimenti itakuwa tofauti?

FundiWaChini

Alaimenti ndiyo itakuwa shida yako ya mwisho. Springi iliyokatwa, ukipita shimo na tairi likaning'inia, inaweza kutoka kwenye kikalio chake, na ikirudi si lazima irudi mahali pake. Mwisho wake uliokatwa haukalii sawa. Usikate.

Springi_Fupi

Narudi na majibu, wiki tatu zimepita.

Tulilegeza juu ya shimo. Boliti ya kwanza ya kushoto, ile nguvu ilipoachia tu, bushi ikatoa mlio kama mlango wa kabati la zamani na gari ikashuka mbele ya macho yangu. Milimita 3. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, akauliza nani kapanda. Bushi ya nyuma ya amu ya kulia ilikuwa imeachana na chuma nusu duara, kidole kinaingia. Nimebadilisha zote mbili za upande ule, nikakaza gari ikiwa imesimama.

Tou nikaweka kwa kamba, nikaendesha kilomita 300, haikuzama tena.

Kwenye mashine nikaomba haya: upepo wa tairi uwe sawa kabla ya kuanza, tangi nusu, wapime nyuma kwanza kisha mbele, waisukume. Nyuma bimu iko sawa, mwelekeo wake hauvuti upande. Kemba mbele ilikuwa bado inatofautiana nusu digrii kati ya kushoto na kulia, na kweli nilikuwa nahisi gari inavuta kushoto taratibu ukiachia usukani. Tumeweka boliti ya kemba upande wa kulia tu. Sasa ni -1°40' na -1°45'. Kuvuta hakuna. Mwisho kabisa tou, kwa sababu ile boliti iliipeleka tou upande wake, tukaweka dakika 5 za kufunga kwa jumla. Usukani umenyooka.

Skrini bado ni nyekundu kwenye kemba. Fundi wa pale mwenyewe alisema mashine inafananisha na gari ya urefu wa kiwanda, na yangu si hiyo.

Taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza iliwaka baada ya hapo, wakaweka sensa ya usukani sifuri kwa kompyuta, ikazima.

Dada_Usukani

Hongera. Weka hizo karatasi zote mbili ndani ya gari. Ukienda mara nyingine mwambie fundi alenge namba zako, asilenge kijani.

Hesabu_ya_Njia

Dakika 5 za jumla ni sentimita 73 kwa kilomita kila tairi. Ulikuwa mita 4.4.

Mtoto_wa_Spana

Mimi yangu nilishusha mwaka jana na boliti za amu sijawahi kuzilegeza. Nimetoka kuangalia kwa tochi sasa hivi. Sitaki kusema nilichokiona.

FundiWaChini

Sema tu, uko nyumbani.

Mtoto_wa_Spana

Mpira umetoka ulimi.

Springi_Fupi

😂 Karibu chamani.

Fundi moja la mwisho. Usiku naona taa za mbele zinamulika karibu mno, kama nimeinamisha kichwa. Balbu ni zile zile.

FundiWaChini

Mbele imeshuka zaidi ya 50 na nyuma 37 hivi. Gari imeinamia pua, na taa zimeinama nayo. Kuna skrubu nyuma ya kila taa. Simamisha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta, upepo sawa, mtu wa uzito wako kwenye kiti cha dereva, urekebishe kwa umbali uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama una kile kigurudumu cha kushushia taa kwenye dashibodi kiweke sifuri kwanza, wengi wanakisahau.

Springi_Fupi

Kigurudumu kiko kwenye 3 🤦

Nakiweka sifuri, usiku nitaangalia tena ukutani.